Kusambaza chakula kwa pikipiki: piga hesabu ya kipato cha ziada kabla ya kuanza

Wasafirishaji na wafanyabiashara wengi wa Afrika Mashariki wana pikipiki inayokaa bila kazi saa kadhaa kila siku. Dereva wa lori akiwa safarini, pikipiki yake imelala nyumbani. Mwenye duka akifunga jioni, pikipiki ya kubebea mizigo nayo inapumzika. Saa hizo hizo ndizo ambazo migahawa ya mijini hutafuta watu wa kuwapelekea wateja chakula.

Makala haya yanaeleza jinsi kazi hii inavyofanyika, gharama zake na mambo ya kisheria ambayo mwenye pikipiki anapaswa kuyajua. Jambo la kukumbuka tangu mwanzo ni hili: fedha inayoingia kwenye simu siyo kipato. Kipato ni kile kinachobaki baada ya mafuta, matengenezo, uchakavu wa pikipiki na rejesho la mkopo kutolewa.

Kazi hii imetoka wapi

Usafiri wa bodaboda ulianzia mpakani. Katika miaka ya 1960 waendesha baiskeli wa Busia, kati ya Kenya na Uganda, walikuwa wakivusha watu na mizigo katika eneo lililo katikati ya vituo viwili vya mpaka. Jina lenyewe linatokana na neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Baadaye pikipiki zikachukua nafasi ya baiskeli, na kazi ikaenea kanda nzima.

Kupeleka chakula nako si jambo geni. Vijana wa mama ntilie wamekuwa wakibeba sahani na hotipoti kuwapelekea wenye maduka sokoni tangu zamani. Kilichobadilika ni kuingia kwa kampuni zinazotumia programu za simu. Jumia Food ilifanya kazi Kenya na Uganda, Uber Eats ilianza Nairobi mwaka 2018, Glovo iliingia Kenya mwaka 2019 na Bolt Food ikafuata mwaka 2021.

Mwaka 2020 ugonjwa wa UVIKO-19 uliipa kazi hii msukumo mkubwa. Machi mwaka huo Uganda ilizuia bodaboda kubeba abiria lakini ikaziruhusu kubeba mizigo. Kenya nayo iliweka amri ya kutotoka nje usiku, na migahawa ikabaki kuuza chakula cha kubeba tu. Waendeshaji wengi walianza kupeleka chakula wakati huo kwa sababu hawakuwa na abiria.

Hata hivyo, kampuni zinazokuja huweza pia kuondoka. Desemba 2023 Jumia ilitangaza kufunga huduma yake ya chakula katika nchi zote saba ilimokuwa ikiitoa, Kenya na Uganda zikiwemo. Huduma ilikoma mwishoni mwa mwezi huo huo. Mwenye pikipiki anayetegemea kampuni moja alipe mkopo anapaswa kulitafakari tukio hilo.

Njia tatu za kufanya kazi

Njia ya kwanza ni kujiunga na kampuni ya programu ya simu. Mwendeshaji hujisajili kwa kitambulisho, leseni, bima na nyaraka za pikipiki, hupata begi la kuhifadhi joto, kisha hupokea oda kwenye simu. Malipo kwa kila oda hutegemea umbali na saa. Kwa kawaida mwendeshaji hahesabiwi kuwa mwajiriwa, kwa hiyo mafuta, fundi, bando la intaneti na hasara ya ajali ni juu yake.

Njia ya pili ni kupatana na mgahawa mmoja au miwili. Hapa malipo huwa ni kwa kila safari au kwa jioni nzima. Oda zinaweza kuwa chache, lakini umbali unajulikana na hakuna muda mrefu wa kuzunguka mjini bila kazi.

Njia ya tatu inawafaa zaidi walio mpakani na kwenye vituo vya malori. Foleni ikiwa ndefu Malaba, Tunduma au Kasumbalesa, madereva hukaa ndani ya magari kwa saa nyingi na hawawezi kuyaacha peke yake. Mwenye pikipiki akikubaliana na mama ntilie anayeaminika, oda zinaweza kuchukuliwa kwa simu na malipo yakafanyika kwa fedha za mtandao. Safari ni fupi, na oda kadhaa zinaweza kwenda mara moja. Asiyezuiwa na sheria za eneo la forodha anaweza kufika hadi kwenye gari. Penye uzio, chakula kikabidhiwe getini.

Mfano wa hesabu

Tuchukue mwendeshaji wa Nairobi anayefanya kazi jioni kwa saa nne. Takwimu zifuatazo ni za mfano tu, na kila msomaji aweke za kwake.

- Oda 8, kila moja shilingi 130: jumla shilingi 1,040.
- Umbali wa kilomita 7 kwa kila oda, ukijumlisha kwenda mgahawani, kwa mteja na kurudi: kilomita 56.
- Mafuta, lita moja kwa kilomita 40, bei shilingi 180: shilingi 252.
- Oili, tairi, cheni na breki, shilingi 2 kwa kilomita: shilingi 112.
- Uchakavu wa pikipiki: shilingi 112.
- Bando la intaneti: shilingi 50.

Gharama zote ni shilingi 526, na kinachobaki ni shilingi 514. Yaani karibu nusu ya fedha iliyoingia imeondoka, na kila saa ya kazi imelipa shilingi 128 hivi.

Uchakavu umepatikana hivi: pikipiki iliyonunuliwa kwa shilingi 180,000, ikitembea kilomita 60,000 kisha ikauzwa kwa shilingi 60,000, imepoteza shilingi 120,000. Hiyo ni shilingi 2 kwa kila kilomita. Gharama hii haionekani siku ya kazi, na ndiyo sababu wengi huisahau. Huonekana siku ya kuuza pikipiki.

Sasa tuseme mvua imekatika, wateja wamepungua, na oda ni 4 tu kwa saa zile zile nne. Kinachoingia ni shilingi 520, gharama ni shilingi 288 na kinachobaki ni shilingi 232. Saa moja imelipa shilingi 58. Muda wa kusubiri nje ya mgahawa haulipwi, lakini nao ni muda wa kazi.

Mkopo hubadilisha hesabu kabisa. Kama pikipiki inadaiwa shilingi 400 kwa siku, weka uchakavu kando na uhesabu fedha taslimu peke yake. Siku ya oda 8 mwendeshaji atabaki na shilingi 226 mkononi. Siku ya oda 4 atakuwa amepungukiwa shilingi 112, na deni litatafuta fedha kutoka biashara yake nyingine. Kwa hiyo kazi hii inaweza kumfaa aliye na pikipiki tayari. Kukopa pikipiki mpya kwa ajili ya oda za jioni pekee ni hatari.

Hali ni hiyo hiyo kwa anayeendesha pikipiki ya tajiri. Hesabu ya kila siku hailegezwi kwa sababu oda zilikuwa chache. Ni vema kukubaliana mapema kama jioni za chakula zina hesabu yake au zimo ndani ya ile ya mchana.

Bei ya mafuta nayo ifuatiliwe. Nchini Kenya EPRA hutangaza bei kikomo katikati ya kila mwezi, na Tanzania EWURA hutangaza mwanzoni mwa mwezi. Uganda bei huachiwa soko, hivyo vituo viwili vya jirani vinaweza kutofautiana.

Leseni, bima na kodi

Kenya ina daraja la leseni linalohusu kazi hii moja kwa moja. Daraja A3 ni la bodaboda, wasambazaji wa vifurushi na vyombo vya magurudumu matatu, na mwombaji awe ametimiza miaka 21. Mwenye A2, ambayo ni ya pikipiki ya kawaida, asidhani kwamba inamtosha kwa kazi ya kulipwa. Tanzania na Uganda pikipiki ziko katika kundi la A. Kwa Tanzania, ni busara kuuliza ofisi ya LATRA ya mkoa kuhusu kibali kabla ya kuanza kubeba mizigo kwa malipo.

Bima ndiyo huwaponza wengi. Bima ya pikipiki ya matumizi binafsi kwa kawaida haihusu kazi ya kulipwa. Ukipata ajali ukiwa na begi la chakula mgongoni, kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa. Mweleze wakala wa bima kazi unayotaka kufanya, na hakikisha imeandikwa kwenye hati. Fahamu pia kwamba bima ya mtu wa tatu hulipa madhara uliyowasababishia wengine. Mguu wako na pikipiki yako havimo.

Kuhusu kodi, Kenya hutoza asilimia 3 ya mauzo, tangu Julai 2023, kwa biashara yenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 1 hadi milioni 25 kwa mwaka. Mwenye duka anayeongeza kazi ya usambazaji akumbuke kwamba mapato ya sehemu zote mbili yanajumlishwa.

Tahadhari kwa walio mpakani

Pikipiki ikivuka mpaka, bima ya nyumbani peke yake haitoshi. Kadi ya Njano ya COMESA hutoa kinga ya mtu wa tatu katika nchi zilizomo kwenye mpango huo. Tanzania imo, ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000. Kumbuka pia kwamba Kenya, Uganda na Tanzania magari hupita kushoto, ilhali Rwanda, Burundi na Kongo hupita kulia. Mwendeshaji aliyechoka usiku husahau jambo hili kwa urahisi.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, haikufuta vibali vya kazi. Mkenya anayetaka kusambaza chakula Arusha, au Mganda anayetaka kufanya hivyo Kisumu, aulize kwanza idara ya uhamiaji.

Muhimu zaidi, usikubali kuvusha kifurushi kilichofungwa cha mtu usiyemfahamu kwa sababu tu ameambia kwamba ni chakula. Kikikutwa na bidhaa za magendo au dawa za kulevya, mwenye pikipiki ndiye atakayeulizwa wa kwanza. Njia salama ni kufanya kazi upande wako wa mpaka.

Fedha na usafi

Oda inayolipwa kwa fedha taslimu huleta usumbufu. Mteja akikataa chakula au asipopatikana, fahamu mapema nani anabeba hasara: mgahawa, kampuni au wewe. Malipo ya simu yathibitishwe kwa kuangalia salio lako. Usiamini ujumbe ulio kwenye simu ya mteja, kwani ujumbe wa kughushi upo. Namba ya siri usimpe mtu yeyote, hata anayejitambulisha kuwa wa ofisi.

Begi lisafishwe kila siku, na lisitumike kubebea samaki wabichi wala mafuta ya taa mchana. Supu na mchuzi vifungwe na mgahawa wenyewe. Mwendeshaji asifungue chombo, maana malalamiko yakija hatakuwa na utetezi.

Kabla ya kuanza

Msomaji anayetaka kujaribu anashauriwa kufanya haya:

1. Fanya kazi kwa wiki mbili bila kuingia deni lolote jipya.
2. Andika kwenye daftari kila siku kilomita, mafuta, oda, saa za kazi na fedha iliyoingia.
3. Tenga fedha ya fundi na uchakavu siku hiyo hiyo, katika akaunti nyingine ya simu.
4. Jiunge na zaidi ya kampuni moja, au uwe na mgahawa wa pembeni.
5. Vaa kofia ngumu na koti linaloakisi mwanga, na usipokee oda huku unaendesha.
6. Usiunganishe zamu ya usiku na safari ndefu ya lori asubuhi.

Mwisho wa wiki mbili gawanya kilichobaki kwa saa ulizofanya kazi. Kama jibu ni dogo kuliko unachopata kwa kubeba mzigo mmoja wa sokoni, pikipiki ina kazi bora ya kufanya. Kama ni kubwa zaidi, umepata kipato cha ziada cha kweli, na daftari lako litakuonyesha ni siku zipi na saa zipi za kutoka.