Simu ya Upepo: Nani Asikilize, Nani Aseme?

Mtu akisimama ukingoni mwa milima ya Usambara Magharibi, huko Vugiri, huona nyanda za Korogwe zilivyotandaa chini yake kuelekea Handeni. Mawimbi ya redio ndogo ya mkononi husafiri kama jicho lionavyo: mlima ukikinga, hukoma, palipo wazi, hufika mbali. Kijiografia, basi, Vugiri imejaliwa. Kihistoria haikujaliwa, wala si Vugiri peke yake.

Nchini mwetu simu ya upepo ilianza ikiwa chombo cha dola. Meli ya kivita ya Uingereza, Astraea, ilipoishambulia Dar es Salaam tarehe 8 Agosti 1914, shabaha yake ilikuwa kituo cha simu ya upepo cha Wajerumani. Watawala walijua thamani ya kusema na walio mbali. Waingereza walipoanzisha Sauti ya Dar es Salaam mwaka 1951, mwananchi alipewa nafasi ya kusikiliza. Baada ya uhuru, kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Walisikiliza, wakajadiliana, wakachimba vyoo. Ilikuwa kazi adhimu. Lakini redio ile haikuweza kuwasikia.

Redio ya ridhaa, ambayo raia hupokea na kurusha mwenyewe, ilikuwapo: vituo vya Tanganyika vilitambulishwa kwa VQ3, na baada ya uhuru kwa 5H. Hata hivyo, ilibaki shughuli ya wachache.

Leo chombo hicho kinaenea kiganjani, na kukipangia masafa si uganga. Unaingiza masafa ya kupokea, tuseme kati ya megahezi 144 na 146, unaweka tofauti ya masafa ya kurusha, na toni inayofungua kituo cha kurudishia mawimbi, kisha unahifadhi. Leseni ni lazima, na ndivyo inavyostahili, kwani masafa ni mali ya wote, na ya ndege au ya polisi si ya kuchezea. Lakini sheria inayomdai raia leseni pasipo mtu wa kumfundisha humwacha palepale alipokuwa mwaka 1951.

Masika yakikata barabara na mnara wa simu ukazimika, mgonjwa wa mlimani hahitaji taarifa ya habari. Anahitaji jirani awezaye kuita gari kutoka bondeni. Tujiulize, basi: baada ya miaka yote hii ya kusikiliza, nani atamfundisha jirani huyo kusema?