Charcot, mtumishi aliyevunja vyombo na nyuzi zilizosahauliwa

Mwaka 2025 ulitimiza miaka 200 tangu azaliwe Jean-Martin Charcot, na sifa alizostahili zaidi ni za mihadhara yake ya 1868 katika hospitali ya Salpêtrière, Paris, kuhusu maltipo sklerosisi, maradhi ambayo kinga ya mwili huishambulia mayelini, ala inayofunika nyuzi za neva. Katika tanzia aliyomwandikia mwaka 1893, Sigmund Freud anasimulia kwamba Charcot, akiwa daktari kijana, aliajiri mtumishi wa nyumbani ambaye mikono yake ilitetemeka ajabu. Mama huyo alivunja vyombo vya thamani kubwa, lakini bwana wake hakumfukuza. Alipofariki, maiti yake ilichunguzwa, na chanzo cha mtetemeko kikaonekana: makovu yaliyotapakaa katika ubongo na uti wa mgongo. Kisa hiki hupendwa kama cha huruma, ingawa ni cha mwajiri aliyekuwa na hamu kubwa na maiti. Uzito wake uko kwingine: uharibifu wa neva ulisomeka baada ya kifo tu.

Kwa aliye hai, madaktari walishika kilichopimika. Mwaka 1942 Elvin Kabat na wenzake walionyesha kuwa protini za kinga huongezeka katika maji ya uti wa mgongo, na tangu hapo alama za uvimbe zikatawala fikra, hadi interferoni beta, dawa ya kutuliza uvimbe, ilipoidhinishwa Marekani mwaka 1993. Nyuzi zenyewe, ambazo wachunguzi wa karne ya 19 walikwisha kuona zikiharibika, zikasahauliwa. Kisha mwaka 1998 Bruce Trapp na wenzake wa Cleveland wakahesabu, katika makovu yenye uvimbe mkali, nyuzi zilizokatika zaidi ya 11,000 kwa kila milimita ya ujazo; kwenye tishu zenye afya haukufika hata mmoja.

Mtu atasema hesabu hiyo inautia hatiani uvimbe uleule. Ni kweli, na ndiyo sababu dawa huanzishwa mapema. Lakini wagonjwa wengi huzidi kudhoofika bila shambulio jipya, huku picha za MRI zikionyesha machache, kwa hiyo uvimbe ukitulia haimaanishi neva zimepona. Leo nyurofilamenti, protini inayovuja kutoka nyuzi zilizoumia, hupimwa kwenye damu. Utafiti wa Harvard wa 2022 kwa wanajeshi wa Marekani uliikuta ikipanda, kwa waliokuja kuugua maradhi haya, baada ya maambukizi ya virusi vya Epstein-Barr, kabla ya dalili kuanza. Hata hivyo hupanda pia kwa aliyeumia kichwa. Inaonyesha kwamba neva imejeruhiwa, haimtaji aliyeijeruhi, na hapo alama za uvimbe bado zinahitajika.