Samaki Walao Samaki na Kipimo cha Mionzi: Funzo la Chernobyl kwa Mpaka wa Vurra

Vurra, kusini mwa Arua, iko kwenye mgawanyo wa maji ya Nile na Kongo. Haina ziwa; samaki wanaouzwa huko na kuvushwa kwenda Kongo hutoka hasa Ziwa Albert, kupitia masoko kama Panyimur. Makala haya yanadai kwamba historia ya mionzi katika samaki wa maji baridi inaonyesha ukaguzi wa mpakani hautoshi pasipo vipimo vya awali vya ziwa lenyewe.

Mtambo wa nyuklia wa Chernobyl ulilipuka tarehe 26 Aprili 1986. Katika maziwa ya Uswidi na Ufini, sesiamu-137, ambayo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 30 hivi, ilionekana kwanza katika samaki wadogo. Samaki wakubwa walao wenzao walifikia kilele baadaye, mwaka mmoja au zaidi baada ya ajali, kwa kuwa sumu iliwafikia kupitia mawindo yao. Aliyepima mapema na kuacha angeliona nafuu isiyokuwepo.

Kemia ya maji nayo iliamua mengi. Sesiamu hufanana na potasiamu. Penye potasiamu haba, samaki hufyonza sesiamu kwa wingi. Maziwa mengi ya Skandinavia yana chumvi kidogo, ilhali Ziwa Albert lina chumvi nyingi, potasiamu ikiwamo. Kwa kiasi kilekile cha mionzi, sangara wa Albert angetarajiwa kufyonza kidogo zaidi. Takwimu za Ulaya, basi, haziwezi kuazimwa jinsi zilivyo.

Hata kikomo cha kisheria kina historia yake. Mwaka 1987 Uswidi ilipandisha kikomo cha samaki wa maji baridi kutoka bekereli 300 hadi 1,500 kwa kilo, kwa hoja kwamba wananchi wengi huwala kwa nadra. Walaji wakubwa walipewa ushauri wao. Hoja hiyo haifai pale samaki anapokuwa kitoweo cha kawaida.

Gharama ya kukosa vipimo inajulikana Uganda. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya viuatilifu vilivyotumiwa kuvulia. Nchi husika hazikuwa na ukaguzi wa kutosha kuthibitisha usalama wa samaki wao, na wavuvi wasio na hatia waliadhibiwa pamoja na wakosaji.

Sheria ya Nishati ya Atomiki ya mwaka 2008 iliipa Uganda Baraza la Nishati ya Atomiki. Hatua inayofuata ni kupima sangara kando ya muziri na ragoge, samaki wadogo wanaotawala mavuno ya Albert, tena kwa miaka mfululizo, zebaki ikipimwa pamoja na mionzi. Tetesi zikizuka, afisa wa Vurra atakuwa na takwimu za kulinganisha. Bila hizo, atabaki na mawili tu: kufunga mpaka au kufumba macho.