Nijeria: Shirikisho na Mizani Yake

Nijeria ilipojipatia uhuru tarehe 1 Oktoba, 1960, ilikuwa shirikisho la kanda tatu: Kaskazini, Magharibi na Mashariki. Kasoro ilikuwa katika mizani yenyewe. Kaskazini peke yake ilizizidi kanda nyingine mbili kwa eneo na kwa idadi ya watu. Hivyo wengine waliishi kwa hofu ya kumezwa.

Hofu ikazaa chuki, na chuki ikazaa umwagaji wa damu. Mwezi Mei, 1967, Yakubu Gowon, mkuu wa serikali ya kijeshi, alizivunja kanda, zilizokwisha kuwa nne, akaunda majimbo 12. Siku tatu baadaye Mashariki ilijitenga kwa jina la Biafra. Vita vilivyofuata vilikwisha Januari, 1970.

Funzo hilo liliingia katika katiba ya 1979. Rais alipaswa kupata kura nyingi kuliko wenzake, na pia robo ya kura katika theluthi mbili za majimbo. Majimbo yalikuwa 19, nayo theluthi mbili za 19 si namba kamili! Shehu Shagari alifikisha robo katika majimbo 12. Obafemi Awolowo akadai yatakiwa 13. Mahakama ya Juu ilimpa Shagari ushindi.

Leo majimbo ni 36, na sharti lile limo katika katiba ya 1999. Shabaha yake ni wazi: anayetaka kuwatawala wote sharti abishe hodi kwa wengi, si kwa jamaa zake tu.