Kutoka Hongo hadi Bomba: Somo la Tabora kwa Halmashauri Jirani

Neno hongo lina umri mkubwa kuliko aibu yake. Leo mtumishi wa umma akilisikia hufikiria rushwa. Katika karne ya 19, kwenye njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji kupitia Tabora, hongo ilikuwa ushuru wa halali: nguo, shanga na waya ambavyo kiongozi wa msafara alimlipa mtemi ili apite kwa amani, achote maji na anunue chakula. Unyamwezi haukuwa dola moja. Ulikuwa nchi ya watemi wengi waliopakana, na wapagazi waliobeba pembe za ndovu hadi pwani walivuka mipaka yao mmoja baada ya mwingine. Katika kila mpaka majadiliano yalianza upya.

Nazikumbusha habari hizi kwa sababu kila ninapofundisha historia ya serikali za mitaa, hakosi mwanafunzi wa kuuliza: kwa nini halmashauri mbili zinazopakana zishindwe kutumia kwa pamoja greda moja, dampo moja au gari moja la wagonjwa? Huwa najibu kwamba ukanda huu wa magharibi umekwisha kuulizwa swali hilo mara nne, na majibu yake hayakufanana.

Jibu la kwanza lilikuwa vita. Hakuna mtemi aliyeweza kuitunza njia ya misafara peke yake, lakini kila mmoja aliweza kuifunga. Mnywa Sere, mtemi wa Unyanyembe, alipotaka kuwatoza ushuru wafanyabiashara Waarabu waliolowea Tabora, walimwondoa na nafasi yake ikashikwa na Mkasiwa. Mwaka 1871 Mirambo wa Urambo akapigana na Unyanyembe na washirika wake Waarabu, na njia ya Ujiji ikafungwa. Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alilazimika kuzunguka upande wa kusini. Wapo waliomwita Mirambo jambazi. Mimi naona alikuwa akidai sehemu ya faida ya njia iliyopita karibu na mlango wake. Dai lilikuwa na msingi. Kilichokosekana ni baraza la kulisikiliza.

Jibu la pili lilikuwa shirikisho la kuamriwa. Chini ya Gavana Donald Cameron, Waingereza waliwatambua watemi kuwa Mamlaka za Wenyeji kwa sheria ya mwaka 1926, kila mamlaka na hazina yake. Hazina ndogo hazikuweza kubeba kazi kubwa. Kwa jirani zetu Wasukuma, watemi zaidi ya 50 waliunganishwa mwaka 1946 katika shirikisho lenye makao yake Malya. Kwa hesabu za ofisini, mpango ulikuwa na mantiki. Machoni pa mkulima, shirikisho lilikuwa mkono mrefu wa kumlazimisha apunguze mifugo na alime kwa kanuni asizozitunga. Mwaka 1958 wananchi wa Geita walilikataa hadharani baraza jipya la wilaya walilowekewa bila ridhaa yao. Mwaka 1963 utemi wenyewe ulifutwa kisheria.

Jibu la tatu lilikuwa kufuta halmashauri zenyewe. Mwaka 1972, kwa jina la madaraka mikoani, halmashauri za wilaya zilivunjwa na kazi zake zikakabidhiwa maofisa wa Serikali Kuu. Mipaka haikuwa tena kikwazo, lakini mwananchi naye hakuwa tena na diwani wa kumuuliza. Sheria za mwaka 1982 zilizirudisha halmashauri, nazo zikaanza kazi mwaka 1984.

Jibu la nne linaendelea kuandikwa. Mkoa wa Tabora sasa una halmashauri nane: Manispaa ya Tabora, Uyui, Sikonge, Urambo, Kaliua, Igunga, Wilaya ya Nzega na Mji wa Nzega. Kwa miaka mingi ofisi za Uyui zilikuwa ndani ya mji wa Tabora, kabla ya kuhamia Isikizya. Ofisi zilihama, mahitaji hayakuhama. Mgonjwa mahututi wa Uyui au Sikonge bado hupelekwa Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa iliyoko mjini.

Mfano ulio bora zaidi ni maji. Bomba la Ziwa Victoria huanzia Ihelele, mkoani Mwanza, likapita Shinyanga na kufika Nzega, Igunga na Tabora. Mamlaka moja huzalisha maji na kuyauza kwa jumla. Mamlaka za miji huyanunua na kuwauzia wananchi. Kila anayechota anajulikana, na kila lita ina dira ya kuipima. Huo ndio ushirikiano wa kweli: hautegemei hisani ya jirani, na haumlazimishi yeyote afute jina lake.

Mambo matatu yaliyokosekana katika majibu ya awali ndiyo tunayopaswa kuyadai leo. Kwanza, ridhaa: madiwani wa pande zote wajadili na wakubali kabla ya saini. Pili, hesabu ya wazi ya nani anachangia nini na anapata nini, ili asitokee Mirambo mwingine mwenye dai la haki lisilo na pa kwenda. Tatu, kipimo kipya cha kazi. Mkurugenzi anayepimwa kwa kilichofanyika ndani ya mpaka wake tu hana sababu ya kutengeneza barabara inayoishia kwa jirani.

Hongo iligeuka aibu pale malipo yalipobaki na huduma ikatoweka. Halmashauri inayotoza ushuru wa mazao kwenye kizuizi cha mpakani, huku barabara iliyo mbele ya kizuizi haipitiki masika, ijiulize imesimama upande gani wa historia ya neno hilo.