Ramani ya William Smith



Mtu achimbaye kisima huona kwamba ardhi si ya namna moja tangu juu hata chini. Kwanza hukuta udongo mweusi, kisha mwekundu, kisha wa mfinyanzi au changarawe, na chini yake mwamba. Wengi wetu tumeyaona hayo, lakini hatukuuliza: Je, matabaka haya yafika wapi? Leo nataka kuwaeleza habari za Mwingereza mmoja aliyeuliza swali hilo, na ramani aliyoitoa mwaka 1815.

Jina lake William Smith, naye alizaliwa mwaka 1769 katika kijiji cha Churchill, Oxfordshire. Baba yake alikuwa mhunzi, akafa William angali mtoto wa miaka minane, akalelewa na ami yake, mkulima. Hakupata elimu ya chuo kikuu. Lakini katika mashamba ya kwao yalipatikana mawe ya mviringo yenye alama kama ya nyota, na wanawake wa kazi ya maziwa waliyatumia kuwa mawe ya mizani, kupimia siagi. Kumbe yalikuwa mabaki ya wanyama wa bahari wa zamani sana, yaliyogeuka jiwe!

Alipokuwa kijana alijifunza kazi ya kupima ardhi. Huko Somerset alishuka katika mashimo ya makaa ya mawe, kisha akapima njia ya mfereji wa kuyasafirisha makaa hayo. Ndipo alipotambua mambo mawili. La kwanza, matabaka yamelala moja juu ya jingine kwa utaratibu ule ule, kama mikeka iliyotandikwa. La pili, kila tabaka lina mabaki yake ya wanyama. Basi matabaka mawili yakifanana kwa rangi, mabaki hayo ndiyo yatakayoonyesha lipi ni lipi.

Maarifa haya yalikuwa na faida kubwa. Viwanda vya Uingereza vilitaka makaa, na watu walipoteza mali yao wakichimba mahali pasipo na makaa, kwa kuwa tu wameona udongo mweusi. Aliyejua utaratibu wa matabaka aliweza kuwaambia: Hapa msichimbe.

Kwa miaka mingi Smith alizunguka nchi nzima, kwa gari la farasi na kwa miguu, akiandika aliyoyaona. Ramani yake ina karatasi 15. Zikiunganishwa, urefu wake ni futi 8 na nusu, na upana futi 6. Inchi moja ni maili 5. Kila tabaka lina rangi yake, iliyopakwa kwa mkono, nzito upande wa chini wa tabaka na nyepesi kuelekea juu. Humo mna machimbo ya makaa na madini, mifereji, na nchi za mabwawa.

Je, alipata thawabu gani? Alikuwa na madeni, hata akauza mabaki yale aliyoyakusanya, yakawekwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza. Mwaka 1819 alifungwa gerezani London kwa ajili ya deni, kwa muda wa zaidi ya miezi miwili. Chama cha Jiolojia, yaani cha wenye elimu ya matabaka, kilikuwa cha matajiri, nao hawakumwingiza. Mwaka 1820 wakatoa ramani yao wenyewe, ya bei nafuu, iliyotegemea sana kazi yake.

Lakini kweli haikuzikwa. Mwaka 1831 chama kile kile kilimpa Smith nishani yake ya Wollaston, naye akawa wa kwanza kuipata. Rais wake, Adam Sedgwick, akamwita baba wa jiolojia ya Uingereza. Alikufa mwaka 1839. Leo nakala zilizosalia za ramani yake ni chache, na wakusanyaji huzinunua kwa bei kubwa. Moja imetundikwa London, katika nyumba ya chama hicho.

Wazee wetu husema: Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mtoto wa mhunzi aliinama, akaisoma nchi yake. Nanyi wanafunzi, mkipita penye kisima kipya, simameni kidogo mtazame.