Dodoso la Kilombero: miaka 30 kutoka karatasi hadi maandishi matupu

Septemba 2026 inatimia miaka 30 tangu wadodosaji waanze kupita nyumba kwa nyumba katika vijiji 25 vya wilaya za Kilombero na Ulanga, wakiandika jina la kila mkazi, jinsi yake, umri wake na kaya anayolala. Sensa hiyo ya kwanza ilikwisha Desemba 1996. Januari 1997 wakarudi kuuliza nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehamia, nani ameondoka na nani ana mimba. Baada ya miezi minne wakarudi tena. Watoto waliozaliwa katika raundi zile za mwanzo sasa wana watoto wao, nao wameingizwa katika orodha ileile.

Habari za Taasisi ya Afya Ifakara, inayoendesha dodoso hilo, husimuliwa zaidi kwa mbu, vyandarua na chanjo, na si bure. Mwaka 1949 Mswisi Rudolf Geigy alifika bonde la Kilombero, 1957 maabara ikajengwa Ifakara, 1996 kituo kikawa taasisi ya Kitanzania inayojitegemea, na 2008 kikapata jina linalotumika leo. Lakini iko historia nyingine isiyo na sanamu wala kibao, ya namna majibu ya wanavijiji yalivyohama kutoka karatasi zenye visanduku na mishale hadi maandishi matupu, yaani herufi na tarakimu zisizo na wino mzito, rangi wala jedwali, ambazo kompyuta yoyote inaweza kuzisoma.

Sababu ya kuanza ilikuwa vyandarua. Mradi wa KINET ulitaka kujua kama kuuza vyandarua vyenye dawa, chini ya nembo ya Zuia Mbu, kungeokoa watoto. Huwezi kujua ni watoto wangapi wameokoka bila kujua walikuwa wangapi, wako wapi na nani kafa lini. Jibu lilichapishwa mwaka 2001 katika jarida la Lancet: chandarua chenye dawa kilihusishwa na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne. Miaka mitatu baadaye serikali ikaanza Hati Punguzo, mpango wa vocha za vyandarua. Takwimu ile moja ilipita katika mikono ya wadodosaji, wasimamizi na makarani wa kuchapa ambao majina yao hayajulikani hata Ifakara mjini.

Kazi yenyewe haikuwa nyepesi. Msimu wa mpunga familia nyingi za bonde hufunga nyumba kijijini na kuhamia vibanda vya shambani, mbali na barabara, wakati mto umejaa. Daraja la Kilombero, lenye urefu wa mita 384, lilifunguliwa mwaka 2018. Kabla yake, kutoka Ifakara kwenda upande wa Lupiro na Mahenge ilikuwa kwa kivuko. Mdodosaji alibeba kitabu cha kaya, kalamu na mfuko wa nailoni. Akikuta mlango umefungwa ilimpasa aamue: hawa wamehama, au wako shambani na watarudi? Kosa moja hapo na familia nzima inatoweka katika hesabu, kisha inaibuka baadaye kama wageni.

Karatasi zikifika ofisini zilipitiwa, zikachapwa kwenye kompyuta, na programu ikatafuta upuuzi: mama aliye mdogo kuliko mwanawe, marehemu aliyehama, mtoto aliyezaliwa mara mbili. Fomu yenye kasoro ilirudishwa kijijini. Programu hiyo, HRS2, ilitokana na kazi iliyofanyika Navrongo, kaskazini mwa Ghana, ambako Bruce MacLeod na James Phillips walitengeneza programu ya kumpa kila mtu namba ya kudumu na kumfuata kwa matukio matano au sita tu ya maisha. Ulikuwa ujuzi wa Afrika Magharibi uliohamia bonde la Kilombero, jambo la kujivunia kuliko tunavyojivunia.

Tatizo ni kwamba HRS2 ilijengwa juu ya FoxPro, programu ya hifadhidata ya Microsoft. Mwaka 2007 Microsoft ilitangaza kwamba haitatoa toleo jingine la FoxPro, na Januari 2015 msaada wake ukakoma kabisa. Fikiria uzito wake. Utafiti uliokusudiwa kudumu vizazi ulikuwa umekaa ndani ya chombo ambacho mwenyewe amekitelekeza, naye anaishi mbali mno kuulizwa kwa nini.

Kwingineko nako watu walikuwa wakigeukia herufi tupu. Mwaka 2003 mtaalamu wa elimu ya nyota wa Amsterdam, Carsten Dominik, alianzisha Org-mode, namna ya kuweka shajara, orodha za kazi na majedwali katika faili la herufi tupu, nyota moja ikitambulisha kichwa cha habari. Mwaka 2006 mwanafalsafa John MacFarlane wa Berkeley akatoa Pandoc, programu ambayo leo hulivua faili la Word mapambo yake na kulitoa katika muundo huo au mwingine kadhaa. Kwa njia hizo maandishi yanaweza kuishi muda mrefu kuliko programu iliyoyaandika. Watafiti wa bonde walifika palepale kwa njia yao, wakisukumwa na vifo vya watoto na betri zinazoisha chaji.

Jaribio kubwa la mapema la kuikwepa karatasi halikufanyika Kilombero bali Lindi na Mtwara. Mwaka 2004 timu ya Ifakara ilifanya utafiti wa kaya zaidi ya 21,000 kwa kutumia vikompyuta vya mkononi, na Kizito Shirima na wenzake wakauandika mwaka 2007. Majibu yaliingia mashineni pale pale kibarazani, bila karani wa kuyachapa upya.

Kisha likaja swali ambalo wengi hawakulitarajia: dodoso lenyewe litaingiaje mashineni?

Dodoso la utafiti wa afya, hapa kama kwingineko, kwa kawaida huzaliwa ndani ya Microsoft Word. Lina vichwa vya wino mzito, visanduku vya kuweka vema, safu za kijivu, na pembeni mishale: kama HAPANA, nenda swali la 214. Macho ya binadamu hulipenda. Mashine hailijui. Kwa mashine mshale ni mchoro tu, wala hauelekezi popote. Kwa hiyo pale ODK, mfumo wa kukusanya majibu kwa simu ulioanzishwa mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington chini ya Gaetano Borriello, ulipoenea Afrika Mashariki, mtu alilazimika kukaa na kurasa hizo za Word na kuzivua moja baada ya moja. Kila swali lilipewa mstari mmoja: aina yake, jina lake fupi, na maneno atakayosoma mdodosaji, Kiswahili katika safu moja na Kiingereza katika nyingine. Mshale uligeuka sharti lililoandikwa waziwazi, kwamba swali hili litokee tu iwapo jinsi ni ke na umri ni kati ya miaka 15 na 49. Mwishowe vyote huwa faili la maandishi ambalo unaweza kulifungua kwa programu duni kuliko zote.

Hapo ndipo aibu ilipo. Ukilivua dodoso mapambo, makosa yaliyokuwa yamejificha nyuma yake yanaonekana. Mshale unaelekeza kwenye swali lililofutwa rasimu mbili zilizopita. Sehemu moja inasema watoto chini ya miaka 5, nyingine inaanzia miaka 6, na mtoto wa miaka mitano hana pa kuingia. Kwenye karatasi mdodosaji mzoefu aliziba matundu hayo kwa akili yake na hakuna aliyejua. Kishikwambi hakina huruma hiyo, kinagoma kuendelea. Wabunifu wa madodoso wangeona haya kama wangejua ni mara ngapi mdodosaji wa kijijini, kwa posho ndogo, amewaokoa.

Mapambo nayo hayakukata tamaa. Matoleo ya baadaye ya ODK yaliruhusu kuweka nyota mbili kila upande wa neno ili lionekane kwa wino mzito kwenye kioo. Faili limebaki herufi tupu, na mwenye kupenda wino mzito ameridhika.

Katika bonde, mfumo uliochukua nafasi ya HRS2 ni OpenHDS, uliotokana na kazi ya MacLeod huyo huyo katika Chuo Kikuu cha Southern Maine na wenzake wa taasisi ya magonjwa ya kitropiki ya Basel, ukitumia fomu za ODK kwenye vishikwambi. Maelezo ya hesabu hiyo ya watu yaliyochapishwa mwaka 2015 yanataja wakazi 125,000 wa vijijini na 45,000 wa Ifakara mjini, walioongezwa mwaka 2007. Ziara zilikuwa zimepungua kutoka tatu hadi mbili kwa mwaka.

Vita vikali zaidi, hata hivyo, vilikuwa vya fomu za mbu.

Ifakara hukamata mbu usiku kwa mitego ya taa, mahema na vibanda vya majaribio, na asubuhi wanapangwa: aina gani, dume au jike, ameshiba damu, hajashiba, au ana mayai. Kila mtafiti alikuwa na fomu yake. Mmoja huandika jina la mbu kwa urefu, wa pili kwa kifupisho, wa tatu kwa tarakimu 1 hadi 9 ambazo maana yake iko kichwani mwake, naye amesharudi kwao kumalizia shahada. Sampuli inapelekwa maabara kupimwa vimelea, majibu yanarudi, na hakuna anayejua mbu huyu alinaswa kwenye nyumba ipi. Mtafiti mwenye fomu yake humwambia kila mtu kwamba swali lake ni la pekee na haliwezi kubanwa katika fomu ya wengine. Mtunza data huona kwamba maswali yote ya pekee yanafanana.

Samson Kiware na wenzake, akiwemo Zacharia Mtema na Gerry Killeen, walichukua upande wa mtunza data. Katika makala yao ya mwaka 2016 walionyesha kwamba tafiti nyingi za mbu, hata zilizoonekana kutofautiana kabisa, zinaingia katika fomu chache za pamoja: moja ya mpangilio wa jaribio, nyingine ya kupanga walionaswa, nyingine za kugawa sampuli na kuandika yaliyoonekana. Namba ya fomu na namba ya mstari ndizo zinazomfuata mbu kutoka mtegoni hadi maabara. Wakati wanaandika, fomu hizo zilikuwa zimetumika katika majaribio 20 ya miradi 8, katika taasisi 3 za nchi 3 za Afrika, na kuzaa machapisho 11. Nadhani hiki ni kimoja kati ya vitu vikubwa vilivyotoka Ifakara, na huwezi kukiweka kwenye kalenda ya wafadhili kwa sababu hakina sura.

Lakini kuvua kuna hasara, na hasara yake kubwa iko msibani. Mtu akifariki nyumbani bila daktari, mdodosaji hurudi baadaye kuuliza familia dalili za marehemu. Dodoso la zamani lilikuwa na nafasi ya maelezo huru: ndugu wanasimulia kwa maneno yao, mdodosaji anaandika, madaktari wanasoma na kukisia sababu. Kisha zikaja programu kama InterVA ya Peter Byass, ambazo husoma ndiyo na hapana tu, haraka, kwa gharama ndogo, na kwa uamuzi uleule kila mara. Homa: ndiyo. Kikohozi: hapana. Habari kwamba mama alikuwa kibanda cha shambani, kwamba walingoja kivuko, kwamba zahanati ilikuwa imefungwa siku hiyo, haina safu. Wanaotetea programu wana hoja, maana madaktari wawili wakisoma simulizi moja mara nyingi hawakubaliani. Hata hivyo anayetaka kujua kwa nini mtoto hakufika hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara atajibiwa na aya ile, si na safu za ndiyo na hapana.

Baada ya hapo mambo yamekwenda kasi na yanajulikana. Vitabu vya zahanati vya MTUHA, mfumo wa serikali wa taarifa za afya, vina ndugu yao wa kompyuta, DHIS2, na Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu watu 61,741,120 kwa vishikwambi, ambavyo vingi baadaye viligawiwa kwa walimu. Kwa wakazi wa vijiji vile 25 karani mwenye kioo mkononi hakuwa kioja.

Maelezo ya mwaka 2015 na makala ya mbu ya 2016 vyote viko kwa Kiingereza. Mtafiti wa Basel au Boston anajua pa kuomba data ya Kilombero. Mwenyekiti wa kijiji ambacho watu wake wamejibu maswali kwa miaka 30 anastahili angalau jedwali moja bila majina: waliozaliwa, waliofariki na waliohama, mwaka kwa mwaka tangu 1997. Kwa jinsi data ilivyovuliwa sasa, jedwali hilo ni faili dogo linalopita kwenye simu ya kitochi yenye kadi ya kumbukumbu, na likichapwa ni karatasi moja ya kubandika kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji kabla ya Septemba.